Miezi miwili Montevideo: niliipa nne, nimeifuta

Haya jamani, karibuni tena. Mbona chaneli ilinyamaza? Kompyuta ya kuhariria ilikufa. Mimi mzima, niko Montevideo, Uruguay, huu mwezi wangu wa pili. Na nyie mnaonisumbua kwenye komenti, "vuka Buenos Aires, kwa feri ni saa mbili na kitu tu, raha ziko kule", nimewasikia. Zipo. Usingizi ndio haupo.

Leo nachambua kukaa hapa. Uwanja wa Centenario, Kombe la Dunia la 1930, hayo mnayajua, napita. Ngoja nisogeze kamera, nataka muone hiki.

Kibuyu. Mrija wa chuma, wenyewe wanauita bombilla. Majani ya mate, si mate ya mdomoni, ni kinywaji chao cha moto, kama chai. Na chupa ya chai, ambayo watu wa hapa wanatembea nayo kwapani kutwa nzima, hadi kwenye basi.

Tazama mkono. Majani yanapita nusu. Funika kwa kiganja, pindua, tikisa, ulaze ubavu: umepata kilima huku, bonde huku. Maji ya vuguvugu bondeni, kidogo tu. Subiri yanyweke... bado... haya. Sasa mrija, hapo hapo bondeni. Ndipo maji ya moto, ila yasiwe yametokota, utakunywa shubiri. Kilima kibaki kikavu juu. Na usikoroge! Mimi nilikoroga kama chai ya maziwa, mrija ukaziba, mzee mwenye kibuyu akanitazama kana kwamba nimemwagia mchanga pilau.

Kibuyu chenyewe bei kali, tena jiji zima liko hivyo, usije kwa kusikia "Amerika Kusini rahisi". Na upepo! Baridi ya Julai hapa inaingia mpaka kwenye meno.

Wiki ya kwanza niliandika nne kwa kumi. Nilikuwa naipita Rambla mbiombio, barabara ya ufukweni, kilomita 22 hivi, nikitafuta "kitu cha kupiga picha". Hakuna. Watu wamekaa ukutani na vibuyu vyao, wanatazama Río de la Plata, mto usioona ng'ambo yake. Nikanunua kibuyu, nikakaa. Nikaanza kusalimiwa. Jumapili jioni moja mtaa wa Palermo nikasikia ngoma za candombe, yaani chico, repique na piano (hii piano ni ngoma, si kinanda), za wajukuu wa Waafrika walioletwa utumwani. Hakuna jukwaa wala tiketi, unafuata nyuma tu. Nilitembea mpaka viatu vikanilalamikia. Sasa nawapa nane. Nane na nusu, ukija na sweta.

Kingine: kibuyu kinazunguka, mmoja ndiye anayemimina. Kila nikipokea nasema "gracias", adabu za nyumbani. Wakawa wananiruka! Kumbe hapa ukisema asante umetosheka, hutaki tena.

Basi bonyezeni kengele, wiki ijayo tunapanda feri. Asante siwaambii.