TAHADHARI: Miche ya peasi Moshi na Arusha

Ndugu zangu mnaopenda kupanda matunda, kuna muuzaji anayepakia miche kwenye pikapu na kuiuza kando ya barabara Moshi mjini, na sasa nasikia ameingia Arusha. Msinunue peasi kwake.

Mwezi wa tatu aliniuzia miche 12. Sita aliiita Williams, shilingi 15,000 mmoja, na sita Bartlett, 20,000 mmoja. Akasema lazima nichanganye ili ichavushane. Ni kweli peasi huzaa vizuri likipata aina nyingine jirani, ndiyo maana nilimwamini. Kumbe Williams na Bartlett ni peasi lilelile! Lilianzia Uingereza karne ya 18, likasambazwa kwa jina la Williams. Lilipofika Marekani watu hawakulijua jina, Enoch Bartlett akalieneza kwa jina lake, hadi mwaka 1828 miti mingine ilipoletwa kutoka Ulaya wakagundua ni kitu kimoja. Laki mbili na elfu kumi zangu zimeenda hivyo.

Na hata hiyo Williams yenyewe siyo. Kila mche ulizungushiwa utepe wa nailoni chini ya shina, kama uliobebeshwa, yaani ulioungwa na kijiti cha mti mwingine. Juzi mama, kihambani kwetu Kibosho, akaukata utepe mmoja kwa kisu. Gome laini mwanzo mwisho, hakuna kovu wala fundo la kuunganishia. Tukafungua yote, hali ni hiyohiyo. Ni miche ya mbegu, na mingine imeshatoa miiba. Peasi la mbegu halifuati mama yake, na unaweza kusubiri miaka mingi bila kuona tunda.

Muuzaji anasema pia peasi lake linazaa popote, hata Moshi mjini. Williams hutaka mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 ndipo lichanue vizuri; mjini pale utaitoa wapi? Eti na tunda liachwe liive mtini! Williams huchumwa limekomaa lakini bado kijani, likaivia ndani ya nyumba mpaka liwe la manjano. Likiachwa mtini huanza kuharibika kwa ndani, nje bado zuri.

Simu yake haipatikani tena. Akikusimamisha, mwambie afungue utepe uone kabla hujatoa hela. Ukiwa na shaka, beba mche mmoja ukaulize TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo. Na kama na wewe uliuziwa, andika hapa chini ulinunua wapi na lini, twende polisi pamoja.