Fairphone 5 visiwani: inafunguka kwa ukucha, spea zake ziko Ulaya

Kifuniko cha nyuma cha Fairphone 5 kinafunguka kwa ukucha. Unauingiza kwenye upenyo wa kona ya chini, unabandua, na betri hiyo mbele yako. Unainyanyua kwa vidole viwili. Hakuna hita wala gundi, wala kadi ya plastiki ya kupenyeza pembeni huku roho mkononi kioo kisije kupasuka. Waliowahi kumiliki Nokia za zamani watasema hili si geni, na kweli si geni. Kigeni kilikuwa ile desturi iliyokuja baadaye, ya simu kukalafatiwa kwa gundi kama dau.

Kampuni inayoitengeneza iko Amsterdam, na simu yenyewe ilitoka 2023 kwa yuro 699. Kioo chake ni OLED ya inchi 6.46, RAM ni GB 8, hifadhi ni GB 256 na ina nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Kwa bei hiyo zipo simu zinazokwenda kasi zaidi na kupiga picha nzuri zaidi, tulimalize hilo mapema. Hela ya mnunuzi imekwenda kwenye kufunguka na kwenye umri. Chipu yake, Qualcomm QCM6490, ni ya ukoo wa chipu zinazotiwa kwenye mashine za viwandani, ambazo mtengenezaji huzihudumia miaka mingi kuliko za simu za kawaida. Ndiyo maana kampuni imethubutu kuahidi masasisho ya programu mpaka 2031. Simu nyingi hufa kwa kukosa masasisho kabla hazijafa kwa kuvunjika: programu ya benki inakataa kufunguka, WhatsApp nayo inafuata, mwisho unabaki na tochi ya bei ghali.

Vipande vya kubadilisha ni kumi, vikiwemo kioo, betri, kifuniko, spika, kamera na sistimu ya chaji, yaani kipande chenye mlango wa USB-C. Kifuniko na betri havitaki chombo chochote. Vingine vyote vinatoka kwa bisibisi moja ndogo ya nyota, namba PH00, ambayo kila fundi simu anayo. Kwenye duka la kampuni, betri ni takriban yuro 40, sistimu ya chaji takriban 20 na kioo takriban 100. Jambo ambalo mafundi watalithamini zaidi ni kwamba simu haiulizi spea imetoka wapi. Kwenye iPhone za miaka ya karibuni, ukitia kioo cha simu nyingine unaweza kupata onyo kwamba kipande hakitambuliki, na baadhi ya kazi za kioo zinaweza kupotea. Hapa unafunga skrubu, unawasha, basi.

Lakini kwa watu wa visiwani faida kubwa ya betri ya kutoka haiko kwenye kubadilisha betri. Iko kwenye maji ya chumvi.

Simu ikiingia maji ya bahari, si maji yenyewe yanayoiua. Kinachoiua ni umeme unaoendelea kupita ndani ya maji hayo. Chumvi inayafanya maji yapitishe umeme vizuri sana, na maadamu betri imeunganishwa, pini zenye umeme zinaanza kuliwa pale pale. Ule ukijani anaokuonesha fundi chini ya lenzi ndiyo shaba iliyoliwa. Kwenye simu iliyofungwa kwa gundi, kuizima hakutoshi, maana hata ikizimwa kuna njia za umeme zinazobaki hai kwenye bodi. Mpaka uifikishe kwa mafundi wa Darajani, Unguja, au Chake Chake, Pemba, saa tatu zimepita na kazi imekwisha. Kwenye Fairphone 5 unakata umeme ndani ya sekunde kumi, ukiwa bado umesimama kwenye maji ya magoti.

Utaratibu wake ni huu. Toa betri kwanza, kabla hata ya kufuta maji, kisha toa laini na kadi. Futa betri kwa kitambaa kikavu, hasa kwenye pini zake, na usiitumbukize kwenye kitu chochote. Ikiwa imepata joto au imevimba, iweke nje juu ya mchanga, mbali na nyumba, na isirudi kwenye simu. Ukifika nyumbani fungua skrubu, tenganisha vipande, na suuza sistimu ya chaji na viunganishi kwa maji safi yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa kuongezea kwenye betri za gari. Angalia chupa vizuri usije ukachukua asidi. Baada ya hapo ndipo unapitisha spiriti ya mafundi, ile ya asilimia 99, kwa mswaki laini. Wengi wanaanza na spiriti na kuishia hapo hapo, na ndipo wanapokosea: spiriti inafukuza maji lakini chumvi haiyeyushi. Chumvi ikibaki, itavuta unyevu wa hewani, na hewa ya Unguja wakati wa masika haina uchache wa unyevu. Mwezi mmoja baadaye simu inaanza kuchaji kwa mapozi. Acha vipande vikauke saa 24 hadi 48 mbele ya feni, si juani. Na mchele uache jikoni. Hautoi chumvi, na unga wake unaingia kwenye mlango wa chaji ukageuka uji.

Cheti cha simu hii ni IP55. Maana yake inahimili vumbi la kiasi na maji ya kurushwa: mvua, michirizi ya boti, bomba la kuoshea miguu. Haihimili kuzama. Ni kiwango cha chini kuliko IP68 ya simu za bei kubwa, na watu wanakitaja kama aibu, ila majaribio ya IP hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, tena kwa simu mpya. Simu ya IP68 iliyokwisha kufunguliwa na kurudishiwa gundi ya mtaani haina tena IP yoyote. Kwa Fairphone unachotakiwa kuchunga ni mchanga. Chembe moja ikikaa kwenye ukingo wa kifuniko inaacha upenyo, na upenyo huo ndio mlango. Kila ukifungua, futa ukingo wote kwa kitambaa kikavu, kisha bonyeza kuzunguka pande zote mpaka usikie kila kibanio kimeshika. Usiifungue ufukweni kwa kuionesha watu.

Sasa upande wa pili, na hapa sifa zinapungua. Simu hii haiuzwi rasmi Zanzibar, na duka la kampuni linapeleka spea Ulaya tu. Fundi wa Darajani atakubadilishia kioo chake ndani ya robo saa, lakini kioo hicho hatakuwa nacho. Kioo cha Samsung ya daraja la A au cha Tecno kinahitaji hita na gundi, kinahitaji saa nzima na mkono mzuri, ila kipo dukani kwake au kwa jirani yake, na kisipokuwepo leo kitavuka na boti ya kesho kutoka Dar. Kurekebishika kwa simu kunapimwa kwa umbali wa spea sawasawa na aina ya skrubu, na kwa kipimo hicho simu yenye alama kumi kwa kumi huko Ulaya huku kwetu inapata tano.

Mwenye ndugu Uingereza, Uholanzi au Ujerumani hesabu yake ni nyingine. Anaagiza, ndugu anapokea, anakuja nazo likizo. Betri zina masharti yake: betri ya lithiamu inayosafiri peke yake hairuhusiwi kupakiwa kama shehena kwenye ndege ya abiria, na abiria mwenyewe hatakiwi kuitia kwenye begi linalokwenda chini. Inakaa kwenye begi la mkononi, pini zimezibwa kwa utepe, kila moja kwenye mfuko wake. Betri ya Fairphone 5 ni mAh 4200, sawa na saa-wati 16 hivi, wakati kikomo cha kawaida cha abiria ni 100, kwa hiyo haina tatizo. Usiagize tatu kwa pamoja ukidhani umeweka akiba. Betri ya lithiamu inazeeka hata ikiwa kwenye kabati, na joto letu linaiharakisha. Moja inatosha. Ichaji mpaka nusu, iweke pahala penye kivuli na pakavu, na uirudishe nusu kila baada ya miezi michache.

Ukiagiza spea za kuanzia, chukua betri moja na sistimu moja ya chaji. Kioo kinategemea mkono wako, wewe unajijua. Sistimu ya chaji haina namna: kwenye mji wenye chumvi hewani, USB-C ndiyo inayotangulia kufa.

Kasoro nyingine haizungumzwi sana Ulaya lakini huku ni nzito: nafasi ya laini ni moja tu. Laini ya pili ni eSIM, laini isiyo na kadi ya kuchomeka. Mtu wa Unguja anayeweka pesa kwenye mtandao mmoja na bando kwenye mwengine ataikuta shida hii siku ya kwanza. Uliza kwenye duka la mtandao wako kama wanatoa eSIM na kama unaweza kuihamisha kwenda simu nyingine bila kusafiri, hasa ukiwa Pemba, kabla hujatoa hela ya simu. Tundu la earphone za waya nalo halipo.

Chaji ya mAh 4200 ni ndogo mbele ya 5000 ambazo leo zimo hata kwenye simu za bei ya chini. Inachaji kwa wati 30, ila kichwa cha chaji hakimo ndani ya boksi. Nunua chenye alama ya USB PD, kanuni ya chaji ya haraka, na maandishi ya 100–240V, na umeme ukikatika kichomoe, maana fujo ya volti iko kwenye kurudi. Mwangaza wa kioo, takriban niti 880, unatosha barazani na njiani. Kwenye mchanga mweupe wa Nungwi saa saba mchana utatafuta kivuli. Kamera ni za kawaida.

Ipo ndugu yake mpya zaidi, Fairphone (Gen. 6), iliyotoka Juni 2025 kwa yuro 599. Ni ndogo kidogo, betri ni mAh 4415, na ahadi ya masasisho inafika 2033. Kwenye karatasi imeishinda ya 5. Ila kifuniko chake kimefungwa kwa skrubu za T5, na betri nayo imekazwa kwa skrubu. Kwa mtu wa Amsterdam ni dakika mbili za kazi. Kwa mtu aliyesimama na mwani Paje, simu imeshamponyoka, dakika mbili bila bisibisi ni milele. Kwa matumizi yetu ya 5 ndiyo bora, japo ni kongwe.

Kwa nini basi ujishughulishe na simu ambayo mtaani haipo? Kwa sababu sheria za Ulaya zinazisukuma simu zote upande huu. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa ziwe na spea kwa miaka 7 baada ya kuacha kuuzwa, masasisho kwa miaka 5, na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800 ya chaji. Tarehe 18 Februari 2027 inaanza sheria ya betri kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Kuna mwanya: simu yenye IP67 na betri inayobaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1000 inaweza kuachiwa fundi, na kampuni kubwa zitapita hapo hapo. Hata hivyo, simu za used tunazouziwa Darajani na Mlandege nyingi zilianzia nchi za watu, na zitakazokuja miaka michache ijayo zitakuwa zimezaliwa chini ya sheria hizo. Fundi anayejifunza leo kufungua bila hita atakuwa ametangulia.

Kama huna mtu Ulaya, achana nayo kwa sasa. Galaxy A16 ina mAh 5000, IP54 na ahadi ya masasisho ya miaka 6, na hutahangaika kupata kioo chake. Kama unaye, na kazi yako ni ya pwani, Fairphone 5 iliyotumika inastahili hela, kwa sharti uikague mkononi. Bonyeza *#06#, itatokea namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha simu; itume kwa SMS kwenda 15090 usome jibu. Kisha fungua kifuniko mbele ya muuzaji: tazama pini za betri kama zina ukijani, tazama ukingo kama vibanio vyote vipo, lalisha betri juu ya meza na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imeshaanza kuvimba. Punguza bei ya betri mpya kwenye bei yake, au mrudishie simu yake.