Nywele zikishika mafuta haraka: ununue poda gani hapa Mombasa

Kwanza tuelewane, hizi shampuu kavu, yaani poda za kutia kichwani bila maji, hazioshi kitu. Ni wanga unanyonya mafuta kwenye mizizi ya nywele, basi, uchafu na chumvi ya jasho vyabaki pale pale mpaka utie maji. Na hapa kwetu shida si mafuta peke yake, ni unyevu, manake wanga ukikutana na jasho wageuka uji, unavuka feri saa saba mchana ukifika Likoni una madonge kichwani. Kwa hivyo mimi nimepanga kwa kuangalia hali yetu ya hewa, bei baadaye.

Namba moja ni konflawa, ile ya boksi watu wanatilia supu iwe nzito. Wanga mtupu wa mahindi, kila duka inapatikana na bei yake huwezi linganisha na mkebe wa kupuliza. Kasoro yake nywele nyeusi zitaota mvi ghafla, so ichanganye na kakao isiyo na sukari, nusu kwa nusu hivi, uzidi kuongeza mpaka rangi ikubali. Soma boksi jamani, ukichukua ile chokoleti ya kunywa sisimizi watakufuata kitandani. Chovya brashi ya mekapu, kung'uta iliyozidi, gusa mizizi tu, nywele ziwe kavu kabisa, ngoja kama dakika kumi kisha fikicha na vidole uchane. Fanya usiku wakati jua limeshatulia, asubuhi unajitanda buibui lako na hakuna alama. Mtandio mweupe lakini siku hiyo uache, kakao huchafua.

Ya pili ni mkebe wa kupuliza, tuseme Batiste, na uchukue ya nywele nyeusi au za kahawia. Hii ni ya mtu wa haraka au wa safari. Tikisa, puliza ukiwa mbali sentimita 30 hivi. Gesi yake ni butani na wenzake, yashika moto, kwa hivyo si jikoni, na usiuache ndani ya gari lililoanikwa juani Nyali mchana kutwa, mkebe hautakiwi kupita nyuzi 50. Ukiletewa wa zamani kutoka majuu angalia umetengenezwa lini, Oktoba 2022 Unilever waliita irudishwe mikebe ya Dove, TRESemmé na mingine huko Marekani kwa ajili ya benzini (si petroli, ni kemikali inayohusishwa na saratani), ile iliyotengenezwa kabla ya Oktoba 2021.

Ya tatu poda ya watoto, ila geuza kopo usome. Ikiwa wanga wa mahindi sawa, ikiwa talki, ule unga wa jiwe, iache dukani, hata Johnson & Johnson walitangaza 2022 kuwa wanaiacha talki dunia nzima mwaka uliofuata, na vumbi lake unalivuta puani.

Unga wa mchele wa kusagisha hapana, chembe zake kubwa zaonekana kama mba. Bekingi soda pia hapana, yakausha ngozi ya kichwa.

Haya yote ni ya nywele za singa au zilizonyooshwa. Wa kipilipili mafuta ya kichwa hata hayashuki vizuri, poda itakukausha bure, weka pesa yako. Na kama ni mafuta ya nazi ulijimwagia, hakuna poda itakuokoa, kaoshe tu.

Konflawa usiiweke bafuni, itaganda, tia kwenye chupa kavu yenye kifuniko na uchanganye kidogo kidogo.