VirtualBox kama seva ya nyumbani hapa Uyole, uzoefu wangu

Wakuu, kama una desktopu moja tu na unataka seva ndani ya nyumba bila kununua mashine nyingine, VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta nyingine ya kuigiza (mashine pepe) ndani ya kompyuta yako, inatosha kabisa. Mimi naitumia hapa Uyole, Mbeya, juu ya Windows, RAM ni GB 8 na GB 2 nimeipa mashine pepe ya Ubuntu Server, yaani Linux ya seva. Humo kuna programu ya stoo ya duka la pembejeo la mama watoto, duka liko mbele ya nyumba, yeye akiwa kaunta anafungua brauza ya simu anaona mbolea ya DAP imebaki mifuko mingapi bila kuniita mimi.

Kinachowachosha watu wengi ni hiki, ukishainstoli inakuja na NAT (mashine pepe inajificha nyuma ya kompyuta yako), inapewa anwani 10.0.2.15, intaneti ipo, apdeti zinashuka vizuri tu, halafu simu ikiitafuta hamna kitu. Wala sio mbovu. NAT ni kama mpangaji wa chumba cha uani, anatoka anavyotaka ila mgeni akigonga geti la mbele yeye hasikii. Nenda setingi za netiweki, toa NAT weka Bridged Adapter, chagua kadi yenye waya, basi, rauta inaihesabu kama kifaa kingine kabisa na kuipa anwani yake ya 192.168 kama simu zenu. Hiyo anwani ifunge kwenye rauta kwa kutumia MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya netiweki) ya mashine pepe, la sivyo siku rauta ikizimwa na kuwashwa inaweza kubadilika na dukani watakupigia simu. Na kama umewasha ufw, fayawoli ya Ubuntu, ruhusu porti 80, mlango ambao brauza inapitia.

Kwa wifi sasa, hapo ndo sisifii sana. Wifi imezoea MAC moja kwa kila kifaa, na briji (hiyo Bridged Adapter) inataka kupitisha mashine mbili kwenye kadi moja, kwa hiyo kadi zingine zinakubali zingine zinagoma. Kama huna waya baki na NAT, ila elekeza porti 8080 ya kompyuta iende 80 ya mashine pepe, ruhusu kwenye fayawoli ya Windows, simu ifungue IP (anwani) ya kompyuta na :8080 mwishoni. Sio kizuri kama briji lakini kazi inaenda.

Joto wala sina shida nalo, kwa baridi ya huku mwezi wa sita mashine ndo kwanza inanipasha miguu. Umeme ndo tafuta UPS bana, ile betri ya akiba, ukikatika ghafla database inaweza kuharibika.

VirtualBox yenyewe ni bure hata kwa biashara, ila Extension Pack, nyongeza yake inayoshushwa pembeni, ina leseni tofauti, ya bure ni ya matumizi binafsi na kusomea, kwa mambo ya duka mimi siigusi. Na ukitaka kukopi mashine uwe na ya majaribio, chagua itengeneze MAC mpya, zikiwa na MAC moja zitagombania anwani na zote mbili zitakusumbua.