Spreyi za kuzuia kutu kwenye chumba cha injini ya boti: ipi inashika na ipi inaondoka mapema

Haya wadau karibuni, leo tunaongelea kutu ya maji chumvi kwenye chumba cha injini, injini ya ndani ya boti ile inayokaa chini ya mfuniko, sio ile ya kuning'inia nyuma. Hapa mezani nina spreyi za aina tatu ambazo watu wananiuliza kila mara, kuna ile nyepesi ya kufukuza maji, kuna ya lanolini, na kuna ya nta inayokauka. Nitawaambia kila moja inafaa wapi, ila kabla sijashika kopo lolote twende kwanza kwenye injini yenyewe, kwa sababu wengi wananunua dawa kabla hawajajua ugonjwa.

Angalia hapa, nimesogeza kamera karibu kabisa. Hii ni pampu ya maji ya bahari, na hapa chini ya mwili wa pampu kuna katundu kadogo. Hako katundu kamewekwa makusudi, ndani kuna sili mbili, moja inazuia maji na nyingine inazuia oili, na katikati yake ndio kuna hako katundu, kwa hiyo ukiona maji yanadondoka pale ujue sili ya maji imekwisha. Sasa fuata njia ya tone. Linadondoka kwenye bano la chuma hapa, injini ina joto, maji yanakauka, chumvi inabaki, si unaona huu ukoko mweupe? Nikiukwangua na ncha ya bisibisi, chini yake rangi imeinuka na chuma kimeshaanza kubanduka magamba. Halafu mkanda ukiwa unazunguka hapo jirani unayachukua matone mengine unayarusha mpaka kwenye alteneta inayochaji betri na stata inayowasha injini. Kwa hiyo pampu inavuja kidogo sana, lakini anayekufa ni stata.

Kuna sehemu ya pili watu wanaisahau, pale shafti inapotoka kwenda kwenye propela. Kama unatumia ile ya kufungwa kwa kamba za grisi, ile ya kizamani, inatakiwa idondoshe maji kidogo boti inapotembea ili ipoe, hiyo ni sawa kabisa, lakini ikilegea yakawa mengi kaplingi, kile kiungo cha shafti, inayapiga yanaruka chumba kizima kama mvua ya manyunyu. Weka kinga juu yake, hata kipande cha plastiki kigumu kinatosha.

Sasa kwa nini nasisitiza chumvi kuliko maji. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35 hivi, maji yakikauka ile chumvi haiendi popote, na chumvi inavuta unyevu kutoka hewani. Chumvi ya kawaida ya mezani inaanza kulowa hewa ikifika unyevu wa karibu asilimia 75, lakini ya baharini imechanganyika na chumvi za magnesi ambazo zinavuta unyevu hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo. Maana yake boti imefungwa gatini, hakuna tone lililoingia, wewe uko nyumbani umelala na chuma chako kimelowa usiku kucha. Ndio maana ukipuliza spreyi juu ya chumvi hujazuia kitu, umeifungia ndani. Kwanza unaosha na maji matamu, kwa kitambaa na brashi au chupa ya kupuliza, sio kwa mpira wenye presha maana utaingiza maji kwenye alteneta na kwenye njia ya hewa ya injini, halafu unaacha ikauke kabisa, ndio upulize. Hapo hakuna njia ya mkato jamani.

Tuje kwenye makopo. Nilichukua vipande vya chuma cha aina moja, nikavipiga msasa mpaka vikang'aa, kila kimoja nikakipuliza dawa yake, kimoja nikakiacha hivi hivi, vyote nikawa navimwagia maji ya bahari na kuviacha vikauke, navimwagia tena na kuviacha. Ambacho hakikupakwa kitu kilipiga kutu mapema sana, hilo kila mtu alitegemea.

Aina ya kwanza, nyepesi ya kufukuza maji. Inayojulikana kuliko zote ni WD-40, imeanza mwaka 1953, na hizo herufi mbili za mwanzo zinasimamia kazi yake yenyewe, kuondoa maji, na 40 ni kwa sababu fomula iliyofanikiwa ilikuwa ya arobaini. Kwa kuondoa maji ni nzuri kweli, inapenya mpaka kwenye nyuzi za bolti. Lakini utando wake ni mwembamba, na kile kipande changu kilianza madoa ya rangi ya chungwa kwenye kingo wakati vingine viwili bado visafi. Watengenezaji wenyewe wana kopo jingine kabisa la kinga ya muda mrefu, kwa hiyo msilaumu kopo kwa kazi ambayo halikutengenezewa. Mimi naitumia injini ikiwa imemwagikiwa na maji, kama hatua ya kwanza tu.

Aina ya pili, lanolini, hii ndio naipenda waziwazi. Lanolini ni mafuta yanayotoka kwenye sufu ya kondoo, na spreyi kama Fluid Film imejengwa juu yake. Haikauki. Inabaki kama grisi laini, ukiikwaruza inajirudia kidogo kidogo kufunika pale palipokwaruzwa, na kwenye chumba kinachotetemeka na kupata joto na kupoa kila siku hiyo ni sifa kubwa sana. Kipande changu cha lanolini hadi sasa, tazama, nikipangusa hapa kidole kinateleza na chuma chini kinang'aa. Ubaya wake upo, inanata vumbi jeusi la mkanda, ina harufu ya sufu injini ikipata moto, na raba asilia ikiloweshwa na mafuta ya namna hii inaweza kuvimba, kwa hiyo mikanda ifunike na kitambaa kabla ya kupuliza, tena mkanda ukipata mafuta utateleza na alteneta haitachaji. Na kwenye eksozi usipulize, itaungua itoe moshi bure.

Ya tatu ni nta. Boeshield T-9 ni mfano, hiyo ilitengenezwa na Boeing kwa ajili ya ndege. Inakauka inakuwa utando mkavu, vumbi halinati, mikono inabaki misafi. Nzuri kwa mabano, kitako cha injini, vichwa vya bolti ambazo hufungui mara kwa mara. Ila ikishapasuka mahali haijirudii, maji yanaingia kwa chini, na kipande changu kilipata kutu pale pale nilipokikwaruza kwa spana.

Upande wa umeme niende haraka. Spreyi haiokoi waya uliokwisha. Menya ganda la waya kidogo karibu na pale unapofungwa kwenye kifaa, ukikuta shaba imekuwa nyeusi au ya kijani kata urudi nyuma mpaka ukute inayong'aa, na ukinunua mpya chukua ile ambayo nyuzi zake zimepakwa bati. Klempu za hozi nazo, fungua usitazame kwa juu tu, stenlesi inaoza pale ambapo hewa haifiki, ndani ya zile nafasi za skrubu, huku juu inang'aa kabisa. Chukua za daraja 316, ile stenlesi inayohimili zaidi maji chumvi, na hakikisha hata skrubu yake ni 316, kuna nyingine bendi ni nzuri skrubu ni chuma cha kawaida.

Na zinki msiipulize, tafadhali. Ile zinki ya penseli, kipande cha zinki chembamba kama penseli kwenye kipoza joto, kazi yake ni kuliwa badala ya injini, ukiipaka mafuta au rangi umeizima. Ikifika nusu badilisha.

Usalama sasa, na hili nalisema kwa uzito. Gesi inayosukuma spreyi nyingi inawaka na ni nzito kuliko hewa, inatulia kwenye ngama, yaani chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika, pamoja na mvuke wa petroli kama injini yako ni ya petroli. Injini iwe imepoa, swichi kuu ya betri izimwe, mifuniko yote wazi, na kabla ya kuwasha injini ya petroli washa feni ya kutoa hewa dakika 4 angalau, halafu nusa mwenyewe kule chini. Mafuta yaliyodondoka kwenye ngama yapanguse na kitambaa, pampu ya ngama isije ikayatupa baharini.

Kwa mwenye hela ya kopo moja tu, chukua lanolini, lakini kama pampu yako inadondosha maji pale kwenye katundu nilikokuonesha, basi hiyo hela nunua sili kwanza, kopo utanunua mwezi ujao.