Machozi Yanayochezeka: Mwongozo wa Kununua Pop na Disko Ukiwa Mbeya au Iringa

Ziko nyimbo ambazo mdundo wake unakuinua kitini huku maneno yake yakikurudisha kwa mtu mliyekwisha kuachana, na mwongozo huu unazihusu hizo tu. Mwaka 1980 kundi la ABBA la Uswidi lilitoa "The Winner Takes It All", wimbo ambao maneno yake yaliandikwa na Björn Ulvaeus na kuimbwa na Agnetha Fältskog, watu wawili waliokuwa mume na mke na ambao ndoa yao ilikuwa imevunjika. Miaka 30 baadaye Mswidi mwingine, Robyn, aliimba katika "Dancing On My Own" habari ya mwanamke aliyesimama pembeni mwa ukumbi akimtazama mwanamume anayempenda akimbusu mwingine, naye haondoki, bali anaendelea kucheza peke yake. Wapenzi wa taarabu hawahitaji kufafanuliwa jambo hili, maana wamekulia katika muziki ambao mwimbaji hutunzwa fedha huku akieleza jinsi alivyoachwa.

Tangu mimi na majirani zangu wachache wa Soweto, hapa Mbeya, tuanze kukutana Jumapili moja ya kila mwezi na kila mmoja kuleta wimbo wake, swali ninaloulizwa na wageni ni moja: ninunue nini ili nami nije nacho? Hawaulizi wimbo gani, kwa kuwa wimbo kila mtu anao wake moyoni. Wanauliza waununue katika umbo gani, yaani santuri, sidii, kanda, faili au flashi iliyojazwa kibandani. Nimezipanga njia hizo tano kuanzia ile ninayoipendekeza kwa anayeanza hadi ile ninayomshauri aiache. Kipimo changu ni kwamba muziki wa namna hii lazima usikike sauti na besi kwa pamoja, sebuleni, mbele ya wageni, uweze kuazimwa, na ustahimili baridi, vumbi na ukungu wa Nyanda za Juu Kusini. Anayesikiliza peke yake kwa spika za masikioni anaweza kuugeuza mpangilio huu juu chini bila ugomvi nami.

Ya kwanza: sidii asilia iliyokwisha kutumika

Vijana wataona ajabu, lakini katika sebule nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe, chini ya televisheni, ipo deki ya DVD iliyosahaulika tangu watu wahamie kwenye ving'amuzi na simu, na deki hiyo, ikiunganishwa na sabufa kwa waya zake nyekundu na nyeupe, husoma sidii ya muziki bila kudai kitu kingine. Gharama ya mashine, basi, ulikwisha kuilipa zamani. Sidii yenyewe hubeba muziki wa dakika 74 hadi 80, haili bando, haina tangazo linalokatiza kiitikio, na jirani akiipenda anaondoka nayo mkononi.

Unapoinunua, igeuze kabla ya kuuliza bei. Sidii iliyofyatuliwa kiwandani ina uso wa fedha unaong'aa kama kioo, ilhali iliyochomwa kwenye kompyuta huwa na rangi hafifu ya kijani, samawati au dhahabu, na hiyo inaweza kuanza kukwama baada ya miaka kadhaa. Mikwaruzo inayotoka katikati kwenda ukingoni isikutishe sana; ya kuogopwa ni ile inayozunguka kufuata njia ya muziki, kwa sababu hufunika sehemu ndefu mfululizo kuliko mashine inavyoweza kuifidia. Kagua pia upande wa juu wenye maandishi, ambao watu hudhani ni pambo tu, kumbe utando unaobeba muziki uko chini kidogo ya wino huo, na ukichunika hapo hakuna fundi wa kuutibu. Unapoifuta, anzia katikati uende nje kwa mstari ulionyooka, wala usizungushe kitambaa kama anayekausha sahani ya ubwabwa.

Kama ni sidii moja tu utakayoanza nayo, iwe ABBA Gold, mkusanyiko wa 1992 wenye nyimbo 19, ambamo "Dancing Queen" ya 1976 inakaa chumba kimoja na "Knowing Me, Knowing You", wimbo wa wawili wanaoagana katika nyumba iliyobaki tupu. Ukikuta toleo la zamani na lililosafishwa upya kwa bei moja, chukua la zamani. Matoleo mengi mapya ya muziki wa miaka ile yamekuzwa sauti hadi pale penye mnong'ono na pale penye kilio pakalingana, na wimbo wa majonzi uliolinganishwa hivyo huwa kama mtu anayesimulia msiba wake kwa kipaza sauti cha mnadani.

Kuhusu sabufa yenyewe nina ombi: punguza kitufe cha besi hadi usikie mwimbaji anavuta pumzi. Sabufa zetu nyingi huwekwa dukani besi ikiwa juu ili mnunuzi ashike kifua, na kwa singeli hilo halina tatizo, lakini kwa mwimbaji wa disko kama Donna Summer unapoteza nusu ya ulichokilipia.

Ya pili: faili ulilolinunua mwenyewe

Hapa sitakaa sana. Yapo maduka ya mtandaoni yanayouza wimbo au albamu nzima ili faili libaki kuwa mali yako, na kwa kadi za mtandaoni zinazotolewa siku hizi na kampuni za simu malipo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Chagua MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, au FLAC, faili lisilopunguza chochote cha sauti, ikiwa kifaa chako kinaisoma. Kwa nyimbo mpya hii ndiyo njia ya akili: albamu za Future Nostalgia ya Dua Lipa na What's Your Pleasure? ya Jessie Ware zilitoka 2020, wakati kumbi za Uingereza zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, na ukizisikiliza ukijua hivyo unaelewa kwa nini disko ya sebuleni ilipata wapenzi wengi mwaka ule. Tofautisha tu kununua na kupanga. Spotify, iliyofika Tanzania mwaka 2021, na huduma nyingine za aina hiyo ni nyumba ya kupanga: kodi ikiisha unatoka na begi lako, na nyimbo zinabaki kwa mwenye nyumba.

Ya tatu: santuri

Moyo wangu uko hapa, ila mfuko na hali ya hewa vimeisukuma hadi nafasi ya tatu. Disko na santuri vililelewa pamoja. Santuri ndogo ya inchi 7 ilibana wimbo katika dakika tatu au nne, na wacheza dansi walitaka zaidi, ndipo ikaja santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja kila upande, na mifereji yake, ile ambayo sindano hupita ndani yake, ikapata nafasi ya kutanuka. Mfereji mpana ndio unaoruhusu besi nzito bila sindano kuruka. Ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa madukani ilitolewa na kampuni ya Salsoul mwaka 1976, nayo ni "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure. Kwa hiyo ukikuta katika boksi la mtu santuri kubwa yenye wimbo mmoja tu kila upande, usidhani umepunjwa. Hiyo ndiyo yenye sauti nono kuliko zote. Ya kuepukwa ni ile mikusanyiko ya zamani yenye nyimbo tisa au kumi kila upande, ambayo mifereji yake imebanwa hadi sauti ikawa nyembamba kama ya simu.

Usiishie upande wa kwanza pia. Mwaka 1978 "I Will Survive" ya Gloria Gaynor iliwekwa upande wa pili wa santuri ndogo, nyuma ya wimbo mwingine ambao kampuni iliutegemea zaidi, hadi wapiga santuri wa kumbi walipoigeuza. Miaka miwili baadaye wimbo huo ulipewa Tuzo ya Grammy ya disko, tuzo iliyotolewa mara moja tu katika historia.

Zinapatikana wapi kwetu? Si madukani. Nairobi kulikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, lakini mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, wakati disko inapanda kileleni, na kufunguliwa tena 1983, hivyo santuri za kipindi hicho hazikuwa na njia rahisi ya kutufikia. Zangu nyingi nimezitoa katika makabati ya wastaafu, hasa walimu na watumishi wa reli, na nimejifunza kuamkia kwanza, kunywa chai kwanza, na kumwacha mzee asimulie aliipataje kabla ya kutaja fedha. Kundi la Boney M. utalikuta kuliko yote, na albamu yao Nightflight to Venus ya 1978 ni ununuzi mzuri hata kwa asiyeipenda "Rivers of Babylon", ambayo maneno yake, ukiyasikiliza, ni kilio cha watu waliochukuliwa mateka, kutoka katika Zaburi. Ishike santuri kwa kingo, iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, na uitazame kwa ubavu: vumbi linaoshwa, mikwaruzo unayoisikia kwa ukucha haioshwi. Santuri mpya kutoka nje ni dola 25 hadi 35 kabla ya usafiri na ushuru, na kwa bei hiyo sina la kumshauri mtu ila auangalie moyo wake.

Pleya, yaani mashine ya kuchezea santuri, ndiyo iliyonifunza kwa maumivu. Nililetewa moja kutoka Marekani, nzuri, ambayo mota yake huzungusha sahani kwa mkanda wa mpira, nami nikanunua transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 110, nikaamini kazi imekwisha. Niliweka ABBA, na Agnetha akaimba kwa sauti ya mwanamume mwenye mafua. Fundi mmoja alinibadilishia mkanda, mwingine akapaka mafuta, na wote nikawalipa. Kumbe mota ya pleya ile huhesabu mapigo ya umeme wenyewe, na umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde wakati wa kwetu hupiga mara 50. Transfoma hubadili volti, haibadili mapigo, hivyo sahani iliyopaswa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ilizunguka chini ya mara 28. Kabla ya kulipa, soma kibao kilicho nyuma ya pleya: kiwe kimeandikwa Hz 50 (ndiyo mapigo 50 kwa sekunde), au 50/60, au mashine iwe inayotumia umeme wa DC, usio na mapigo, kupitia chaja. Ziache pia zile pleya za mkoba zenye rangi za kuvutia, ambazo sindano yake hukandamiza kwa gramu 5 au zaidi, wakati pleya ya heshima hutumia gramu 1.5 hadi 2.5, zile zinachonga santuri ya mzee wa watu kila zinapoicheza.

Ukiagiza kutoka Dar es Salaam kwa basi, omba boksi lisimamishwe wima na lisikae juu ya injini. Joto la Ruaha Mbuyuni linatosha kuipinda santuri kabla basi halijaanza kupanda Kitonga.

Ya nne: kanda

Kanda ndiyo iliyobeba disko hadi vijijini kwetu, na redio kaseti yenye betri bado hupatikana, lakini kwa mnunuzi wa leo naiweka chini. Kanda nyingi zilizobaki zilinakiliwa kutoka kanda nyingine, sauti ikapungua kila nakala. Tukuyu, ambako mvua haikauki, nimefungua boksi zima nikakuta utepe una ukungu mweupe kama uji uliolala, na utepe wa namna hiyo ukiupitisha kwenye redio unachafua kichwa chake na kuambukiza kanda zinazofuata. Tazama utepe kupitia kidirisha kabla ya kununua, na uwe na spiriti na pamba nyumbani. Sababu moja tu ingenifanya ninunue: sauti ya mtangazaji wa zamani iliyobaki mwanzoni mwa wimbo.

Ya tano: flashi ya kujaziwa kibandani

Ni rahisi kuliko zote na inapatikana kila kona ya Mwanjelwa. Mwimbaji hapati hata senti katika biashara hiyo, na hilo lingetosha kuiweka mwisho, ila mnunuzi naye hupunjwa. Muziki wa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 1 kwa dakika, na ule wa 320 huchukua karibu 2.4, kwa hiyo wimbo wa dakika nne ulio chini ya megabaiti 4 umekamuliwa. Nilimwonyesha hesabu hiyo kijana mmoja wa kibandani, akaniambia, "Mzee, mbona unalia sawasawa tu." Nikamwomba aweke sikio kwenye matoazi, yale yanayopigwa kati ya mdundo mmoja wa disko na mwingine, ambayo kwenye faili zuri husikika yakifunguka na kufunga, na kwenye lile lake yalikuwa yakichemka kama mafuta ya chipsi yaliyodondokewa maji. Alisikiliza mara mbili, kisha akaniuliza santuri ya wimbo ule inauzwa bei gani.