Mazoezi ya bwawani kwa sisi wenye baridi yabisi: darasa la Nyali, Mombasa

Nimekuwa mwanafunzi wa darasa hili tangu msimu wa kaskazi uliopita. Wenzangu wa kliniki ya viungo huniuliza kila tukikutana kama pesa yake inafaa, basi nawajibu hapa kwa urefu. Inafaa sana, mradi maji yawe na joto la kutosha na mwalimu awe anayajua maradhi yetu. Likikosekana moja kati ya hayo, afadhali ubaki nyumbani.

Mimi nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Kwangu imeshika vidole, vifundo vya mikono na magoti. Anayeujua ugonjwa huu hahitaji kuelezwa asubuhi zake: unaamka mwili umekakamaa, kufunga kifungo cha nguo ni kazi, na kukama tui la nazi nimemwachia binti yangu. Natumia methotrexate, dawa ya kutuliza kinga, mara moja kwa wiki pamoja na vitamini ya asidi ya foliki, na bado natumia. Mwalimu alitamka waziwazi siku ya kwanza kwamba bwawa halimtoi mtu kwenye dawa, na nilimpenda kwa hilo, maana tumeshachoshwa na wanaotuuzia mafuta na mizizi ya kumaliza ugonjwa kwa wiki mbili.

Darasa linafanyika kwenye bwawa la hoteli moja, wanawake watupu, hatuzidi wanane. Anayetufundisha ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, msichana mdogo kwa umri lakini ana macho makali. Kabla hujaingia majini anakushika mkono na kutazama vidole kimoja kimoja, kipi kimevimba, kipi kina joto. Kiungo kikiwa kimewaka siku hiyo, anakupa kazi nyepesi ya kukizungusha tu, au anakwambia ukae pembeni. Hana aibu kumrudisha mtu nyumbani.

Kuna jambo nililolihisi mwilini kabla halijaelezwa. Ukisimama maji yakiwa kiunoni, miguu inabeba karibu nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, inabeba kama theluthi moja, na yakifika shingoni, ni kama sehemu moja ya kumi. Goti langu ambalo haliwezi ngazi ya nyumbani bila mkono ukutani, ndani ya maji ya kifuani linakunjuka na kukunjwa kama la mtu mwingine. Mara ya kwanza nilirudia na kurudia kuliinua, na machozi yalinitoka. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu akanipiga bega, akasema, "Sote tulilia, dadangu."

Tunaanza kwa kutembea: mbele, nyuma, kisha upande upande kama kaa. Halafu tunashusha mabega chini ya maji na kufungua mikono polepole, tunachora duara kwa nyonga, tunaminya sponji chini ya maji kwa vidole. Hilo la sponji linaonekana la kitoto, lakini ndilo nililolipenda kuliko yote, kwa sababu maji ya uvuguvugu yanalegeza vidole na sponji haikatai. Nchi kavu, kamba ya kufanyia mazoezi iliniachia maumivu usiku kucha.

Na ni polepole kweli. Maji yana tabia yake: ukiongeza kasi maradufu, yanakuzuia karibu mara nne. Kwa hiyo uzito wa zoezi unauamua mwenyewe kwa mwendo wa mkono wako, huna haja ya chuma cha kunyanyua. Mgeni akianza kurusha mikono kwa furaha, mwalimu anamsogelea: "Polepole, mama, usishindane na maji." Kanuni yake nyingine nimeihamishia hata kwenye kazi za jikoni: ukitoka, angalia saa mbili baadaye. Maumivu yakiwa makubwa kuliko yalivyokuwa kabla ya kuanza, umepita kiasi, na mara ijayo unapunguza.

Sasa joto la maji, ambalo watu wengi hawalijali wakichagua bwawa. Mwalimu anakuja na kipimajoto chake kilichofungwa kamba, anakitumbukiza mbele yetu. Kwa viungo vyetu anataka nyuzi 30 au 31. Chini ya 28 hatuingii, kwa kuwa maji ya baridi yanakaza misuli na unatoka ukiwa mgumu kuliko ulivyoingia. Msimu wa kusi, hasa Julai na Agosti, vipindi kadhaa vilifutwa kwa sababu hiyo, na pesa yetu ilisogezwa mbele bila ubishi.

Lakini joto hilohilo halimfai kila mwenye ugonjwa wa kinga. Alikuja mama mwenye multipo sklerosisi, ule ambao kinga inashambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Mwalimu hakumkubali katika kipindi chetu, akampangia wakati wa asubuhi maji yakiwa yamepoa, kwa sababu mwili wa mgonjwa wa aina hiyo ukipanda joto, macho yanaweza kufifia na miguu kuishiwa nguvu kwa muda. Alituambia hali hiyo inaitwa kwa jina la Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1890. Tena kuna binti mwenye lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga, ambaye adui yake ni jua. Mionzi inapenya maji, hivyo kuzama hadi shingoni hakumkingi. Kwa ajili yake tunaanza alasiri, kivuli cha jengo kikiwa kimeshafunika upande wa maji mafupi, na anavaa nguo ya kuogelea ya mikono mirefu na kofia. Kusema kweli nguo hiyo karibu sote tunavaa, kwa sitara na kwa jua pia. Mwenzetu mwingine vidole vinageuka vyeupe na kufa ganzi akipata upepo baada ya kutoka, kwa hiyo taulo lake na glavu zinamsubiri ukingoni.

Jiandae kwa kutoka. Uzito wote unakurudia pale kwenye ngazi, na kwa dakika chache unahisi umebeba gunia. Tunakaa kwenye kidato cha juu, maji yakiwa mapajani, mpaka mwili uzoee. Bwawa hili lina ngazi pana za saruji zenye mkono wa kushika, na hiyo ni sababu kubwa ya mimi kubaki hapa. Mabwawa mengi yana ile ngazi ya chuma iliyosimama wima, na kwa vidole vyangu hiyo ni kama kuambiwa nisije. Pia nenda chooni kabla ya kuingia: maji yanabana miguu na kusukuma damu na majimaji juu, ndiyo maana vifundo vya miguu hupungua uvimbe, na figo nazo zinafanya kazi yake haraka.

Sikuridhika na vyumba vya kubadilishia nguo. Vigae vinateleza, hakuna kiti cha kukalia bafuni, na mifereji ya bomba ni ile ya mviringo ya kuzungusha, ambayo mkono wenye baridi yabisi hauwezi kuifungua. Tunafunguliana. Tumelalamika kwa menejimenti, tumeletewa zulia moja la mpira, mifereji bado. Siku kadhaa klorini ilikuwa kali mno na mwenzetu mwenye macho makavu aliumia hata na miwani ya kuogelea. Ila sitaki ipunguzwe ovyo: wengi wetu dawa zimeshusha kinga, na bwawa lisilotibiwa vizuri ni hatari kwetu kuliko kwa wengine. Ukiwa na kidonda kibichi usiingie.

Bei ni shilingi 800 kwa kipindi cha dakika 45, na bima yangu hailipi. Kwa mama wa kipato cha kawaida si pesa ndogo, na inanisikitisha kwamba hospitali zetu nyingi hazina bwawa la tiba hata dogo. Asiyeweza ana bahari. Miezi ya Machi na Aprili maji yetu ya pwani hufika nyuzi 28 au 29, na ndani ya mwamba mawimbi ni madogo. Nenda na mtu, asubuhi na mapema, maji yakiwa yanajaa taratibu, uvae viatu vya mpira maana jiwe na miba ya baharini vikikukata, kidonda kwa mtumiaji wa dawa hizi si mchezo. Nimefanya hivyo mara kadhaa na inasaidia, ingawa mchanga unazama chini ya kisigino na magoti yangu yanapendelea sakafu ya bwawa.

Kuhusu matokeo, sitatia chumvi. Uchovu upo, na siku za ugonjwa kupanda zipo. Lakini bega la kulia sasa linafika kwenye kamba ya kuanikia nguo, nalala vizuri zaidi usiku wa siku ya bwawa, na sala ambazo nilikuwa nikiziswali juu ya kiti, siku za nafuu nasimama na kurukuu, kiti nikakiachia sijida. Kwangu hilo la sala lina thamani kuliko yote. Darasa nalipatia nyota nne na nusu kati ya tano, na vyumba vyake vya kubadilishia nguo navipatia nyota mbili.

Vipindi ni Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri. Njoo na malapa yasiyoteleza, maji ya kunywa na barua ya daktari wako, kwa sababu mwalimu hamwingizi mtu bwawani kabla hajaisoma.